Chumvi ya Fedha na Kisima cha Mama Mkude

Chanika, Ijumaa mchana

Atu, mama yangu,

Umetoka hapa saa saba kwenda kusuka. Msusi wako namjua, mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole, kwa hiyo nina mpaka saa kumi na mbili. Mama yako yuko chumbani anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Kila akifunga zipu anakumbuka kitu, anatoa vyote, anaanza upya. Mambo ya kula, kulala, chandarua na watu wa kutowafungulia mlango ameshakuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma. Nimezisoma. Sijaona alichosahau, labda kukukumbusha kupumua.

Mie nina jambo moja tu. Jana tulipokuwa tunakula nilitaka kukwambia, nikaishia kukuuliza kama simu yako ina salio. Juzi nilikufuata mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, ukageuka, ukasema, "Baba, unatafuta nini?" nikasema natafuta kibanio. Mwanaume mzima wa miaka hamsini na minane, natafuta kibanio. Kwa hiyo naandika. Na simu nimeiweka hapa mezani kando ya karatasi, maana nikimaliza kukueleza kuna mtu inabidi nimpigie, na mpaka sasa mkono haujakubali.

Kesho unapanda treni kwenda Morogoro, unafikia kwa Mama Mkude. Tumepanga ukae kwake miaka yako mitatu ya chuo. Nataka kukueleza kwa nini inawezekana akakutoa, na kwa nini akikutoa usimlaumu.

Wewe unamkumbuka kama bibi wa miche. Alikuwa mwalimu, akastaafu, akanunua kiwanja mtaa wa pili kutoka hapa, akaanza kuotesha michungwa na miembe kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Ukipita unatoka shule anakuita, anakupa pera. Ulipokuwa darasa la nne akauza kila kitu akahamia Morogoro, kwa dada yake. Tangu hapo anampigia mama yako simu kila sikukuu, na kila akipiga lazima amwambie amsalimie Mzee Tone, yaani mie, mtu mkweli kuliko wote aliowahi kukutana nao Dar es Salaam. Chuo kilipokuchagua, mama yako alimpigia kumuuliza habari za vyumba vya kupanga. Akakasirika. Akasema mtoto wa Mzee Tone hawezi kulala kwenye chumba cha kupanga yeye akiwa hai.

Atayarudia hayo mezani. Atakupakulia wali, ataanza, "Baba yako yule," na wewe utatabasamu. Na baada ya kunisifu atamlaani mtu mmoja anaitwa Mfaume. Ataanza na moja, atamalizia na lingine, nimeshamsikia mara nyingi. Siwezi kukuacha ukae kwenye meza ile unatafuna sifa ambazo mie najua zimetoka wapi.

Ngoja nianze mbali kidogo, ili uelewe nilivyofika hapo.

Unajua nilikuwa mhudumu wa maabara ya shule. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vioo, kufagia na kuhakikisha wanafunzi hawali kitu chochote. Kemia sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwenye madaftari yaliyotupwa mwisho wa mwaka, nayaokota, nayapeleka nyumbani, kwa hiyo elimu yangu imebeba makosa ya watoto wa watu wengi tofauti. Kuna mwaka mzima niliamini madini ya risasi ni gesi, kwa sababu kijana mmoja aliyekuwa na mwandiko mzuri aliandika hivyo.

Siku moja mwalimu wa kemia alinionyesha chupa ya kahawia, ndogo, akasema hii usiiguse, ni ghali, ndani yake kuna fedha. Chupa iliandikwa silva naitreti. Nilipoiinua kwenye mwanga niliona punje nyeupe tu, kama chumvi ya mawe iliyopondwa vibaya. Nikamwambia mwalimu fedha yenyewe siioni. Akacheka, akasema imelala. Tangu siku ile naiita chumvi ya fedha, na nilimfuatafuata mwalimu yule mpaka akanieleza yote aliyokuwa anayajua, na alipohama akaniachia kichupa cha akiba.

Wewe unakwenda kusomea mambo ya maabara, utaikuta huko kwenye rafu, na watakueleza kwa lugha nzuri kuliko yangu. Lakini mie nimeishi nayo. Haipendi mwanga, ndiyo maana inakaa kwenye chupa ya kahawia kabatini. Ikikumwagikia mkononi huoni kitu. Unanawa, unakula, unasahau, halafu ukitoka juani kidole kinaanza kuwa cheusi taratibu, na hapo sabuni, limau, mchanga, vyote ni kazi bure. Unasubiri ngozi ibanduke yenyewe. Unakumbuka uliposhika kifuniko ukajipangusa shavuni, ukaenda shule na doa kama ramani? Mwalimu wako alinitumia ujumbe kwenye daftari kwamba mtoto aogeshwe. Nikajibu kwamba mtoto ameogeshwa, hilo doa ni fedha, ni mtoto wa thamani. Hakujibu tena.

Ile picha ya bibi yako iliyoko sebuleni, nyeusi na nyeupe, weusi wa gauni lake ni fedha ileile, imeguswa na mwanga ikabaki hapo. Muuguzi mmoja mzee aliwahi kuniambia zamani walikuwa wanawadondoshea watoto wachanga machoni matone yake dhaifu kabisa, wasipate upofu wa maradhi ya mama zao. Kuna kijiti chake cha kuchomea sugu na vinyama vya ngozi, fundi cherehani wetu wa kona alichomwa nacho zahanati, akazunguka wiki nzima anaonyesha kidole cheusi kama mtu aliyepiga kura. Na siku ulipotimiza miaka saba, tulikuwa hatuna cha kukupa, nikachukua matone yake, nikatia amonia na sukari ya glukosi, nikayaweka kwenye bomba dogo la kioo ndani ya maji ya moto, na mbele ya macho yako ukuta wa ndani ukageuka kioo cha kujitazamia. Ulijiangalia, umevimba pua kama kijiko, ukasema baba ni mchawi. Nilifurahi. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo langu, ila sikulijua. Nilipenda kuonekana mchawi.

Sasa maji. Huku kwetu kila mtu anachimba kisima, na kila kisima ni bahati nasibu. Huyu anapata maji matamu, jirani yake hatua thelathini anapata maji ya kuchemshia mihogo bila kutia chumvi. Nikagundua kwamba chumvi ya fedha inamaliza ubishi. Unachukua maji kwenye glasi, unadondosha matone mawili. Kama hayana chumvi, yanabaki vilevile. Yakiwa nayo kidogo, yanaingia ukungu. Yakiwa nayo nyingi, yanaganda meupe kama maziwa yaliyokatika, na ukiyaweka juani ule weupe unageuka kuwa wa kizambarau. Hakuna mtu anayeweza kubishana na glasi ya maziwa.

Nikaanza kwa majirani, nikaitwa mpaka Mbande, mpaka Chamazi, siku moja walinifuata kutoka Madale. Wachimbaji wakifika kwenye maji, kabla hawajaweka bomba, mwenye kiwanja anasema, "Subirini, aitwe Mzee Tone." Watu wanasimama duara. Nafika na mkoba wangu, nimevaa shati la mikono mirefu. Natoa glasi, naifuta, naiangalia, naifuta tena ingawa ni safi. Atu, hata kuhani hasimami vile.

Mfaume alikuwa mchimbaji. Mzaramo wa hapahapa, mtu mwembamba, mcheshi, anachimba kwa mkono na vijana wake wawili, na alikuwa na kitu ambacho mie sikuwa nacho, ulimi. Alikuwa anachota maji kwenye kiganja, anayazungusha mdomoni, anatema, anakwambia. Mara nyingi nilipofika na mkoba wangu yeye alikuwa ameshasema, na mie nathibitisha. Alikuwa ananitania. "Mzee Tone, mie nimeshamaliza, wewe endelea na ibada." Watu wanacheka. Na mie nacheka, lakini neno la ibada lilikuwa linanikaa hapa, kifuani, mpaka usiku.

Mama Mkude alimpa Mfaume kazi. Siku waliyofika kwenye maji, nikaitwa. Nikafungua kabati, kichupa cha matone kimekauka. Punje zilikuwa zimebaki chache chini ya ile chupa ya akiba. Punje hizi huyeyushwa kwa maji ya betri, yale masafi yasiyo na kitu ndani, wanauza kituo cha mafuta. Nikaenda, wakasema yameisha, ilibaki tindikali tu. Nikarudi. Kijana wa Mfaume alikuwa mlangoni, anasema watu wanasubiri, udongo unaporomoka. Nikachota maji kwenye ndoo ya hapa nyumbani, ambayo tulikuwa tunachotea kwenye kisima cha jirani, nikayatia punje zangu chache, na nikatia mengi ili zifae siku nyingi.

Yakawa meupe.

Soma tena hapo, maana mie nimeirudia siku ile kichwani miaka kumi na moja. Mie, Mzee Tone, niliyeitwa kutoka Madale, nimetia chumvi ya fedha kwenye maji ya kisima, maji yamekuwa meupe mbele ya pua yangu, na nikasema moyoni, hii chupa ilikuwa na uchafu. Kila mtu duniani nilikuwa namsomea glasi yake. Ya kwangu nikaiona uchafu. Nikaiweka dirishani itulie, weupe ukashuka chini, nikamimina yale maangavu ya juu kwenye kichupa cha matone, nikafurahi jinsi nilivyoyasafisha. Uji mweupe uliobaki chini nikausuuza nikaumwaga chini ya mpapai. Fedha yote ilikuwa kwenye ule uji. Niliyobeba kwenye mkoba yalikuwa maji ya jirani.

Nikafika. Duara limeshatimia. Mfaume ana matope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshaonja, na safari hii hakutania. Alimwambia Mama Mkude, "Mwalimu, hapa tumeingia kwenye chumvi. Tufukie tuhamie kule bondeni, sitaki chochote cha zaidi, nitachimba tena." Mama Mkude naye akaonja, akasema anahisi kitu lakini hana uhakika, ni matope au ni nini. Wakanitazama mie.

Nikafuta glasi. Nikadondosha mawili, nikangoja. Nikadondosha mengine mawili. Maji yakabaki vilevile.

Nikasema matamu.

Mfaume akasema, "Braza, onja basi." Alisema kwa upole, kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Mie nikapaza sauti. Nikasema, "Ulimi wako umeungua na chai, Mfaume. Hii ndiyo isiyodanganya." Watu wakaangua kicheko, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Nakwambia ukweli, mama, ilikuwa raha. Sikuonja. Glasi ilikuwa mkononi mwangu, ilikuwa ni kuinua tu.

Bomba likawekwa. Mfaume mwenyewe aliliweka.

Mpaka hapo ni ujinga, na kwa ujinga nisingekuandikia barua. Wiki chache baadaye ulikuja na kazi ya shule, ukataka nikuonyeshe maziwa. Ulikuwa na miaka tisa. Nikaweka maji kwenye glasi, wewe mwenyewe ukatia chumvi ya mezani, kijiko kizima, ukakoroga. Nikadondosha. Hakuna kitu. Nikadondosha tena, nikamimina nusu ya kichupa. Maji yanatutazama tu. Ukasema, "Baba, imeharibika." Nikakwambia chumvi ya siku hizi ni feki. Ukaenda kumwambia mama yako asinunue tena ile ya pakiti ya bluu, na mama yako, kwa kuniamini, hajainunua mpaka leo.

Nilikaa pale jikoni nikielewa moja baada ya nyingine. Ndoo. Weupe. Dirisha. Mpapai. Glasi ya Mama Mkude. Ilikuwa bado mapema, Atu. Kisima kilikuwa na wiki chache, angeweza kuacha kumwagilia nacho. Kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa dakika tano. Nilivaa viatu. Nilifika mpaka kwenye ua wake, nikamkuta amepiga magoti anapandikiza michungwa, akaniita, "Karibu Mzee Tone, njoo uone neema uliyonipa." Nikakaribia, nikaona, nikasifu, nikarudi nyumbani.

Michungwa ilianza kuungua ncha za majani. Kwanza kahawia pembeni, halafu jani zima, halafu mti. Alipoteza miche yake yote ya mwaka ule, viriba kwa viriba. Akaniita nipime tena. Nilikuwa nimeshanunua chumvi ya fedha mpya Kariakoo, nimeiyeyusha kwa maji ya betri kama inavyotakiwa. Nikadondosha tone moja, glasi ikaganda kama mtindi. Akakaa chini palepale kwenye udongo. Akaniuliza, "Si ulisema matamu?"

Nikamjibu, "Siku ile yalikuwa matamu. Fundi ameshuka mno."

Maneno saba. Nimeyahesabu. Uongo wangu wote wa maisha ungeweza kuandikwa nyuma ya tiketi. Sikumtaja Mfaume kwa jina hata, nilisema fundi, nikijiambia kwamba fundi anaweza kuwa mtu yeyote.

Mama Mkude alimpeleka Mfaume serikali ya mtaa. Tukaitwa wote. Alimwita Mfaume mwizi mbele ya watu wa mtaa mzima, mtu aliyechimba kupita kipimo ili adai zaidi, akaharibu maji. Mfaume alieleza vizuri kabisa. Alionja, alikataa, akapingwa. Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejua kwamba shahidi wake amefika. Akasema, "Mzee Tone, sema basi."

Na mie nikasema, "Mie napima maji, sipimi urefu."

Watu wakacheka. Hilo ndilo nililokuwa najua kufanya, kusema kitu kifupi watu wacheke. Sikujua mpaka siku ile kwamba unaweza kummaliza mtu kwa kitu kifupi. Mfaume alinitazama, halafu akatazama vidole vyangu, vilikuwa vyeusi kwa ile chumvi mpya, na nadhani hapo alielewa kwamba ile ya siku ya kisima ilikuwa mbovu. Hakusema. Baada ya hapo hakuna mtu Chanika aliyempa kazi. Mie niliendelea kuitwa, nikifuta glasi, miaka mingine miwili, mpaka siku moja nikasingizia macho na kuacha. Mfaume aliuza vifaa vyake. Mwaka juzi fundi cherehani alimwona Chamazi, upande wa uwanja wa mpira, anasukuma guta la magurudumu matatu lililojaa madumu. Anauza maji.

Nimeandika mpaka hapa, nikasimama, nikaenda kunywa maji. Mama yako amenitazama, akaniuliza kama naumwa. Yeye anajua. Nilimwambia Jumapili, baada ya ibada. Tulipofika hapa mlangoni akasema, "Mtoto hataondoka bila kujua, na Mama Mkude hatampokea bila kujua. Chagua wewe utaanza na nani." Siku tano nzima sikuanza na yeyote.

Sitaki kukwambia sema ukweli daima. Umeshaambiwa hivyo na watu wenye sifa za kukwambia. Nitakwambia tu nilichokiona mwenyewe. Nilidhani naogopa hasira ya Mama Mkude. Sivyo. Ningekwenda siku ile ya magoti angenitukana, angelia, tungehamia bondeni, na mwaka ule ungeisha. Nilichoogopa ni duara. Niliogopa siku ya kufika mahali na mkoba wangu na mtu aulize, "Huyu naye si ndiye yule?" Nilimtoa Mfaume kafara ili nibaki na lile duara, na nikalikuta halina ladha tena. Huko chuoni utakuwa hodari, nakujua. Watakuwa wanakuita wewe kwanza. Siku chupa yako ikikwambia jambo usilolipenda, tafadhali usiimimine pembeni ukabaki na maangavu. Iite ilivyo, hata kama watu wamesimama.

Saa tisa na nusu. Napiga.

Nimepiga. Naandika sasa hivi wakati bado nayakumbuka yote, mwandiko utausamehe.

Alipokea mlio wa pili. Akanisalimia, akaniuliza unapenda ugali wa dona au wa sembe, maana anataka kusaga leo. Nikasema mwalimu, subiri kidogo, kabla ya unga. Nikamweleza. Sikupitia kando. Nilianza na kituo cha mafuta nikamaliza na ofisi ya mtaa. Nilipofika kwenye ndoo nilirudia mara mbili. Hakuniingilia hata mara moja. Walimu wanajua kusubiri mwanafunzi amalize kujifunga.

Nilipomaliza nikasikia kuku wake, na mtu anafagia. Halafu akasema, "Mfaume anajua?"

Nikasema Mfaume alijua siku ileile, alionja.

"Nakuuliza anajua kwamba na wewe unajua?"

"Sijawahi kumwambia."

"Nilimwita mwizi, Ambakisye." Hajawahi kuniita jina langu. Sikujua hata kama analijua.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa."

Nilikuwa naangalia sekunde zinavyopanda kwenye simu. Nilikuwa tayari kwa lolote, isipokuwa sauti aliyoitumia, maana ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga mambo. Akasema, "Mtoto aje kesho kama tulivyosema, na kitanda chake kiko tayari. Yeye hana deni kwangu. Wewe usije. Usikanyage hapa mpaka siku utakayokuja na Mfaume, kwa sababu hata mie nina la kumwambia, na sitaki kulisema kwenye simu kama wewe." Halafu akauliza tena, dona au sembe. Nikasema dona. Akakata.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia. Ameingia chumbani, amefungua begi lako, ametoa kitenge chake kimoja akakitia kwenye mkoba wake mwenyewe. Maana yake kesho atakupeleka yeye.

Najua nilikuahidi kukufikisha mpaka Morogoro. Najua umewaambia rafiki zako kwamba baba yako atabeba lile begi na kukupa hotuba njia nzima, na mlikuwa mmejipanga kunicheka. Kesho nitakubebea mpaka barabarani tu. Wauza maji wanaanza alfajiri, na mtu wa guta ukimkosa kituo cha kujazia madumu humpati tena mpaka jua lizame, kwa hiyo treni yako ikiwa inaondoka mie nitakuwa Chamazi, nauliza. Usinitafute dirishani.

Sijui kama atanisikiliza. Anayo haki ya kugeuza guta lake na kuondoka, na akigeuza nitalifuata, na keshokutwa nitarudi. Tangu nikate simu najaribu kupanga nitakavyoanza, na wewe unanijua, maneno hayajawahi kunipungukia. Yote niliyopata yanaanza na kujieleza. Nimeyafuta. Nimebakiwa na moja ambalo naweza kulisema bila kufuta glasi kwanza. Nitamwambia, Mfaume, yalikuwa na chumvi.

Baba yako,
Ambakisye